Utani na Siasa: Je, Mpinzani Aweza Kuwa Ndugu?

Liko swali ambalo kila nchi iliyopata kugawanyika haina budi kulijibu: je, wanaopingana katika siasa ni lazima wakubaliane kwanza ndipo waishi kwa amani? Wengi husema ndiyo. Sisi twaona sivyo, na ushahidi twautoa katika neno tulifundishalo kila mwaka, yaani utani.

Wanafunzi wetu hudhani utani ni mzaha tu. Kumbe kwa desturi za Tanzania utani ni ahadi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880; leo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mwingine akiyatamka patazuka ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ina deni lake: ukitokea msiba, mtani hufika, husaidia mazishi na huwachekesha wafiwa wasizame katika huzuni. Hakuna aliyetakiwa kusahau vita wala kuliacha kabila lake. Tofauti ilibaki, kilichoongezeka ni wajibu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, aliligusa jambo hili alipofundisha kwamba urafiki ndio uunganishao miji, hata watunga sheria huushughulikia kuliko haki yenyewe. Haki hupima fungu la kila mtu. Urafiki humfanya mtu alijali fungu la mwenzake.

Tupime fikira hiyo kwa mambo ya Burundi. Mazungumzo ya Arusha yalianza mwaka 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na alipofariki mwaka 1999 yakaendelezwa na Nelson Mandela. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Pamoja na mengine, uliagiza kwamba jeshi lisiwe na zaidi ya asilimia 50 ya watu wa kabila moja. Hesabu hiyo ilihitajika sana, kwani mwenye hofu hatulizwi kwa maneno matamu. Hata hivyo, hakuna hesabu iwezayo kumwamuru mtu ahudhurie matanga ya jirani yake.

Yuko atakayesema kwamba utani waweza kufunika dhuluma. Ni kweli, nasi twakubali. Utani ni wa watu walio sawa: anitaniaye nami humtania. Mwenye nguvu akimkejeli mnyonge asiyethubutu kujibu, hayo ni matusi. Wala aliyeuawa nduguye haombwi kucheka kabla hajasikilizwa. Kwa hiyo haki na itangulie, lakini isiachwe peke yake.

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kazi yetu walimu si kuvitenga vikombe, bali kuwazoeza vijana kugongana bila kuvunjana. Katika midahalo ya darasani, kila msemaji na aeleze kwanza hoja ya mpinzani wake, mpaka mpinzani mwenyewe akiri kuwa imeelezwa sawasawa; ndipo aipinge. Na mpinzani huyo akifiwa, darasa zima liende kumpa pole.