Guu la Saidia Fundi

Niliwahi kuwa karani kwenye ujenzi wa ghorofa Mikocheni. Kila alfajiri vijana walijaa getini wakisaka kibarua, wengine wametembea kwa miguu kutoka Tandale na Mwananyamala. Mafundi niliwaandika majina. Saidia fundi, wanaopandisha makarai ya zege ngazi kwa ngazi, niliwahesabu vichwa tu: leo 30, kesho 20. Ndivyo nilivyoagizwa.

Siku ya tisa baada ya kumwaga zege la ghorofa ya tatu, msimamizi aliamuru mirunda iliyoegemeza dari ing'olewe ipelekwe juu, maana mwenye jengo alikuwa na haraka. Kijana mmoja akasema, "Bosi, siku ile mvua ilitunyeshea, zege lilikuwa uji. Nililibeba mwenyewe. Tuliache kidogo."

"Umekuja kubeba au kufundisha?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikainamia daftari.

Zege hupimwa nguvu kwa siku 28, na maji yakizidi nguvu hupungua. Kijana hakuisomea hesabu hiyo, ila mabega yake yalishajua zege lipi ni zito na lipi ni uji.

Mchana kipande cha dari kikashuka, kikamvunja mguu. Jina lake nililijua nilipomwuliza akiwa amelala chini, mbao bado ziko juu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye, lakini kwa karatasi zetu hakuwahi kufanya kazi pale. Tukachangishana nauli, akarudi kwao.

Na jiji letu la Dar es Salaam lilikwisha kuonywa. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Watu 36 walikufa, wakiwemo vibarua na watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mikocheni, aliyekataa kusikia ni mkuu, na guu lililovunjika ni la mdogo.

Kwa hiyo, mwenye jengo, usiruhusu karai lipande kabla jina la mbebaji halijaandikwa. Msimamizi, usiguse mrunda kabla hujamsikiliza aliyebeba zege lililo juu yake, wala kabla mhandisi hajaridhia. Nawe karani mwenzangu, ukimsikia kijana akisema kweli, inua kichwa useme naye. Kalamu unayo wewe.