Kokoro na samaki ambaye hajazaliwa

Karibu na fukwe za Mwanza, kwenye kina kifupi, sato jike huatamia mayai mdomoni. Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, likivutwa humzoa yeye, mayai na vifaranga. Ndoana humtoa samaki mmoja mmoja. Ndiyo maana kanuni za uvuvi Tanzania zimepiga marufuku kokoro; vilevile sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Je, binadamu ana deni kwa samaki ambaye hajazaliwa?

Analo, kwa sababu ndani yake kuna riziki ya mtoto wa jirani. Lakini mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu haramu zilichomwa moto. Mvuvi aliyenunua wavu kwa mkopo hubaki na majivu na marejesho. Haki ingeanza kwa anayeingiza nyavu hizo nchini.