Kibla Angani

"Aabo, huyu akitaka kuswali ataelekea wapi?"

Binti wa miaka sita mjini Garissa anamgusa Luteni Uhura kwenye kioo cha simu, kidole kimelowa chai ya maziwa ya ngamia. Jina hilo limetokana na neno letu "uhuru". Nichelle Nichols alilivaa katika Star Trek, tamthilia ya safari za angani, mwaka 1966.

Swali hilo si la kupuuzwa. Ukiwa Garissa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Angani je? Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipaa ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa kwao wakamwandalia mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, la sivyo Dunia, ikishindikana popote.

"Popote?" mtoto anauliza tena, akigeuka polepole juu ya mkeka.