Mwendo wa Aliye Nyuma

Matembezi ya Jumamosi katika Milima ya Ngong, safu ya vilele iliyo kusini-magharibi mwa Nairobi na inayofikia takribani mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, huwakutanisha watu waliojuana asubuhi ileile ndani ya matatu, ambao kabla ya adhuhuri hulazimika kushikana mikono penye mteremko wa changarawe. Kundi la aina hii kwa kawaida huwa na kiongozi wa mbele na mfunga safu, yaani mtu anayetembea mwisho kabisa ili asiachwe yeyote, na wadhifa huu wa pili, ingawa anayeushika ni nadra kuonekana pichani, ndio unaoamua kama wageni hao watakuwa kundi au msururu tu. Kosa la mara kwa mara hutendwa na wale wa mbele, ambao humngoja aliyechelewa karibu na mitambo ya upepo iliyo milimani humo, kisha wakaondoka mara tu anapowasili, hivi kwamba wanaopumzika ni wao, naye aliyechoka zaidi hapati hata nafasi ya kufungua chupa ya maji. Anayeongoza matembezi na auhesabu muda wa mapumziko tangu mtu wa mwisho anapoketi.