Alienda Kufuta Mistari Miwili, Akarudi na Mitatu

Fundi seremala mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliomba mkopo kwenye SACCO yake anunue mashine ya kuranda mbao. Akiba alikuwa nayo, wadhamini alikuwa nao, na oda za milango zilikuwa zimemjaa. Afisa wa mikopo, binti wa umri wa mwanawe, akatazama kompyuta, kisha akashusha sauti: "Fundi, jina lako liko CRB."

Aibu ikamshika. Akachukua makaratasi yake akatoka bila kuuliza ni deni gani, la nani, la lini. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kabla hata hajatoa senti.

Watu wengi husema "niko CRB" kana kwamba wamefungwa jela na kuna askari mwenye ufunguo. Ukweli ni mwepesi zaidi. Kenya ina kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kutunza kumbukumbu za mikopo, ndizo hizo CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hazikopeshi wala hazidai. Zinaandika wanacholeta wakopeshaji, kizuri na kibaya, na anayetaka kukukopesha huja kusoma. Kanuni zinakupa haki ya kuona ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Fundi angeiomba siku ile, angekuta mistari miwili mibaya, na angeona kuwa haifanani hata kidogo.

Mmoja ulikuwa wa kweli. Mwaka 2021, kazi zilipolala kwa sababu ya korona, alichukua mkopo wa simu wa shilingi 3,400. Muda si muda laini ikapotea, akanunua nyingine, na deni likabaki kwenye namba ambayo hakuna aliyeipokea. Mkopeshaji anatakiwa kumjulisha mdaiwa siku 30 kabla ya kupeleka jina lake. Taarifa ilitumwa, ila kwa laini iliyokufa. Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kuwasaidia wenye mikopo ya simu iliyolala: kupunguziwa angalau nusu ya deni, kwa sharti la kulipa kilichobaki kabla ya Mei 2023 kwisha. Habari ilipofika vijiweni ilikuwa imeshageuka sura. Ikawa "serikali imefuta madeni." Fundi naye akaona yamekwisha, akaendelea kuranda kwa mkono.

Mstari wa pili ulikuwa kosa. Mkopo wa benki alioumaliza 2019, na barua ya benki ya kuthibitisha hivyo ilikuwa ndani ya sanduku la mkewe. Lakini akaunti ya mkopo haikufungwa. Ada zikaendelea kuhesabiwa kimyakimya mpaka zikafika shilingi 1,860, na kiasi hicho kikaripotiwa kama deni lisilolipwa. Kingekuwa chini ya shilingi 1,000 kisingepelekwa kabisa, maana kanuni za 2020 zilikataza viwango hivyo vidogo kuripotiwa.

Haya yote Fundi hakuyajua. Alichojua ni karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Tunasafisha jina CRB, siku tatu tu." Akapiga simu. Aliyepokea aliongea kwa heshima, mzee huku, mzee kule. Bei shilingi 6,500. Tena alihitaji picha ya kitambulisho pande zote mbili, picha ya Fundi mwenyewe akiwa amekishika, na "ile namba itakayoingia kwenye simu yako sasa hivi, mzee, nisomee." Akamsomea. Baada ya siku tatu cheti kikaja, kina muhuri wa bluu na sahihi ndefu.

Ningependa kumlaumu Fundi kwa ujinga, lakini siwezi. Vijana wetu wamezoea kuambiwa wapeleke cheti cha CRB pamoja na cha KRA, cha HELB, cha EACC na cha polisi ndipo waajiriwe. Mtu akizoea kuona karatasi ndiyo inayofungua milango, ataamini kwamba karatasi ndiyo jina lenyewe. Sivyo. Cheti hueleza tu kilichomo kwenye kumbukumbu, na afisa wa mikopo hana haja nacho kwa sababu kumbukumbu anaisoma mwenyewe.

Fundi alipokipeleka cheti chake SACCO, ndivyo alivyofanya yule binti. Aliiweka ile karatasi pembeni, akafungua mtambo, akanyamaza kidogo. "Fundi, hiki cheti umekitoa wapi?" Mistari miwili ilikuwa palepale. Na chini yake palikuwa na wa tatu: mkopo mpya wa shilingi 28,000, uliochukuliwa wiki iliyopita kwa kitambulisho chake. Ulikuwa haujachelewa bado. Ulikuwa umeingia tu, ukisubiri kuchelewa. Sasa mtu aliyekuwa mdaiwa mdogo akaonekana mtu wa vyeti vya kughushi, na fomu yake ikarudishwa.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, karani mstaafu wa benki. Alikuja jioni, akaagiza ripoti zote tatu, kwa sababu si kila mkopeshaji hupeleka taarifa kwa kampuni zote. Akazisoma mstari kwa mstari na kalamu mkononi. "Shemeji," akamwambia, "hili la benki tunalipinga, la simu tunalilipa, hili jipya tunalipeleka polisi. Usiyachanganye."

Kwa lile la benki wakaandika barua ya kupinga, wakaambatisha ile ya 2019. Kampuni ikipokea pingamizi hutakiwa kuweka alama kwenye ripoti kuwa taarifa hiyo inabishaniwa, kisha imuulize aliyeileta. Isipomaliza uchunguzi ndani ya siku 21, huifuta. Nakala nyingine wakaipeleka benki yenyewe, na hapo shemeji alisisitiza sana: kosa hurekebishwa lilikozaliwa. Likifutwa kwenye kampuni moja huku benki ikiwa bado na ile akaunti wazi, litaripotiwa tena. Benki ikafunga akaunti, na mstari ukaondoka.

La simu likalipwa lote pamoja na adhabu yake, na Fundi akadai barua ya kumaliza deni kabla ya kukata simu. Hapa ndipo alipokasirika, na wengi hukasirika hapohapo. Alipotazama ripoti tena mstari ulikuwepo. Uliandikwa tu kwamba deni limelipwa. Utabaki hivyo miaka 5 tangu siku ya malipo, kwa sababu ni kweli kwamba alichelewa, na hakuna pesa inayonunua kufutwa kwa jambo la kweli. Kwa maoni yangu miaka 5 ni mingi kwa shilingi 3,400. Lakini mkopeshaji anayeona "limelipwa" humsikiliza mtu kuliko anayeona "halijalipwa", na tofauti hiyo haikuhitaji wakala.

La tatu ndilo lililowatoa jasho. Waliripoti polisi, wakapata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, wakaipeleka kwa mkopeshaji wakiomba uchunguzi wa wizi wa kitambulisho. Akawajibu kwamba namba ya siri ilisomwa kutoka simu ya Fundi mwenyewe, naye hakuwa na la kukanusha hapo. Mabishano yakaendelea, na kwa siku hizo ile alama ya kubishaniwa ikawa inamlinda nusu tu: SACCO iliiona, ikamkubalia sehemu ya mkopo badala ya wote, na ikamwongezea mdhamini mmoja. Pesa haikutosha mashine mpya. Alinunua kuukuu, na mdhamini aliyeongezwa ni yule shemeji.