Kidonge na Kudra

Mzee anatoka Magomeni Mapipa kwa miguu akienda Kariakoo. Kabla hajavuka Jangwani, misuli ya mguu inambana. Anasimama, maumivu yanapoa, anaendelea, yanarudi. Wengi husema ni uzee. Huenda ni mishipa ya damu ya miguuni iliyojaa mafuta ikawa myembamba. Ikithibitika hivyo, mara nyingi huandikiwa aspirini au klopidogreli, ameze kila siku, pengine maisha yake yote.

Swali la barazani huanzia hapo: kama siku ya mtu imeshaandikwa, kidonge kinazuia nini?

Dawa hizi hazizibui mshipa. Huzuia chembe sahani za damu zisishikamane zikafanya donge, maana donge likiziba mshipa wa moyo au wa ubongo, ndipo huja mshtuko wa moyo au kiharusi. Utafiti wa CAPRIE wa mwaka 1996, uliolinganisha dawa hizi mbili, ulikuwa na wagonjwa 19,185, na 6,452 kati yao walikuwa na maradhi haya ya miguu. Katika hao wa miguu, waliopatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo cha mishipa walikuwa asilimia 4.86 kwa mwaka kwa aspirini, na 3.71 kwa klopidogreli. Yaani watu kama 87 wakitumia klopidogreli badala ya aspirini mwaka mzima, anaepushwa mmoja.

Mmoja huyo hajijui, na daktari wake hamjui.

Basi kidonge hakishindani na Mungu, kwa kuwa hakimwahidi mtu yeyote chochote. Anayekimeza ametimiza wajibu wake, matokeo kamwachia Mola. Huko ndiko kutawakali. Anayejitwalia madaraka ya Mola ni yule anayetangaza dawa ya kuzibua mishipa yote kwa wiki mbili.

Lakini sababu anayoitumia mtu, kama kidonge hiki, lazima iwe sababu kweli. Utafiti wa POPADAD, Scotland, mwaka 2008, uliwapa aspirini wenye kisukari ambao mishipa ya miguu ilikuwa imeanza kuharibika bila dalili, lakini haikuonekana kuwafaa. Na aspirini huweza kusababisha kuvuja damu tumboni. Kuinunua dukani kwa sababu jirani anaitumia ni kubahatisha.

Saumu nayo si kikwazo: kidonge cha mara moja kwa siku humezwa baada ya futari au wakati wa daku, na Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayeumwa mguu akitembea na kupoa akisimama, hasa mvuta sigara au mwenye kisukari, aende akapimwe. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiiache kabla ya kumuuliza daktari.