Je, Kazi Isiyo ya Kuuza Ni Uvivu?

Twapenda kuwaletea wasomaji wetu swali lililotusumbua mwaka mzima, wala hatudhani kwamba tumelimaliza. Swali lenyewe ni hili: mtu maskini mwenye watoto akipata saa chache za nafasi, naye akazitumia kwa kazi ya mikono ambayo hataiuza, je, amefanya kazi, au amekuwa mvivu kwa namna nyingine?

Swali hili hatukulitoa kitabuni. Katika mtaa wetu wa Temeke, upande wa kusini wa Dar es Salaam, yuko mama mmoja mjane ashonaye nguo kwa cherehani barazani pake. Juma zima hushona sare za watoto wa shule na magauni ya watu. Lakini Jumamosi alasiri hufunika cherehani, akatoa kapu lililojaa vipande vya kanga na vitenge, ambavyo ameviokota chini ya meza yake na kwa mafundi wenziwe wa soko la Tandika. Vipande hivyo huvifua, huvipiga pasi, huvikata kwa kufuatisha karatasi ngumu ili vyote viwe sawa, kisha huviunga viwili viwili kwa sindano ya mkono, mstari baada ya mstari, hata vikawa kitambaa kimoja kipana. Chini yake hutandika blanketi kuukuu, na chini ya blanketi shuka, akapiga bandi ili visiteleze. Ndipo atiapo mishono midogo ipitayo katika nguo zote tatu. Kitu hicho wazee wetu walikiita mfarishi. Mmoja humchukua miezi minne au mitano.

Watu humcheka: Dar es Salaam na joto lake, mfarishi wa nini? Yeye hujibu kwamba ana ndugu Njombe, ambako mwezi wa Julai huja asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani. Jibu hilo ni kweli, lakini sisi twadhani kwamba hata Njombe isingalikuwako, angalishona vile vile.

Tena Jumapili moja katika mwezi, baada ya ibada, yeye na mama wenziwe watatu hushuka Magogoni, wakapanda kivuko kwenda Kigamboni. Daraja liko tangu mwaka 2016, lakini wao wapenda kivuko kwa sababu ya upepo. Huko huketi mchangani chini ya mivinje, wakala mihogo, wakatazama meli ziingiazo bandarini, na makapu yao yakiwa magotini, mpaka jua lipungue.

Basi maneno yakaanza kanisani. Wengine walisema kwamba anavunja siku ya Bwana. Wengine, nao ndio waliokuwa wengi, walisema kwamba mjane mwenye watoto watatu hana haki ya kupoteza saa zake kwa mchezo, hali akiombewa msaada na jumuiya. Tukatumwa kumwonya, maana sisi walimu hudhaniwa kuwa na ulimi laini. Tukamwambia, "Mama, mikono yako ni mali. Vitu hivi wageni huvinunua kwa fedha nyingi. Kwa nini usiviuze?" Akatujibu kwa heshima, "Walimu wangu, tangu Jumatatu hata Ijumaa mikono hii ni ya watu. Siku moja tu ni yangu." Tuliona kwamba ni jibu la mtu asiyejua hesabu, tukazidi kumsihi. Mwisho alikubali.

Akapata mnunuzi, naye akataka mifarishi sita, yote ya rangi moja, kwa miezi mitatu. Mama akashona usiku. Vipande vya kuokota havikufaa tena, sharti anunue kitambaa kipya. Safari za Kigamboni zikakoma. Fedha zikaja, nasi tukafurahi, hata tukamtaja mbele ya watu kuwa ni mfano mwema. Baada ya mfarishi wa sita alilipandisha kapu darini, asilishushe tena. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Sasa nikishika sindano, nahesabu."

Neno hilo halikututoka moyoni. Tukaanza kutafuta tulipokosea, kama kweli tulikosea.

Kwanza tulijitetea kwa Mtume Paulo. Huko Korintho alishona hema pamoja na Akila na Priskila, akala kwa jasho lake, wala hakuona aibu. Kushona kwa ujira si jambo dogo, na mama wa Temeke mwenyewe afanya hivyo siku tano. Lakini yuko pia Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, wakilia. Hatusomi popote kwamba Dorkasi aliziuza. Na Bwana wetu, alipoona kwamba wanafunzi wake hawakupata hata nafasi ya kula, aliwapeleka kwa mashua mahali pa faragha wapumzike kidogo. Watu wengi walikuwa wakiwahitaji saa ile ile, lakini hakuwangoja waishe kwanza.

Pili tukakumbuka habari ya nguo zetu wenyewe. Kanga, ambayo ni vigumu kuikosa katika nyumba ya pwani, asili yake ni mshono wa namna hii. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizochapwa, ambazo zilikuja katika jora kabla hazijakatwa moja moja. Wakakata leso tatu na leso tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata vazi moja la leso sita. Nguo ya kujifunika walikuwa nayo, merikani na kaniki, uchi haukuwasukuma. Walipenda tu kuona rangi hii ikikaa karibu na ile. Wenye maduka walipoliona jambo hilo, waliagiza nguo iliyochapwa nzima, na biashara kubwa ikatokea. Na tangu mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam, kanga zilichapwa papa hapa mjini. Huko Mombasa jina la leso likalipo mpaka leo. Kama mtu angaliwaonya wanawake wale wa kwanza waache mchezo, sijui leo tungalivaa nini.

Wala si pwani tu. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, alikuwako Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande vyake vya fedha, na nyingine. Mwaka 1886 uliwekwa katika maonyesho ya mji wa Athens, na mwalimu mmoja mwanamke akataka kuununua. Harriet akakataa bei yoyote. Miaka kadhaa ikapita, shida zikamwingia, akauleta mwenyewe, ametaka dola 10. Yule mwalimu alikuwa na dola 5 tu. Akashauriana na mumewe, akakubali. Lakini kwanza alimweleza mnunuzi picha moja baada ya moja, na baadaye akarudi mara kadhaa kuutazama. Leo umo katika makumbusho ya taifa huko Washington.

Habari hii yatupinga na kututetea pamoja. Harriet aliuza, wala hatuwezi kumlaumu; njaa ina haki yake. Mama ashonaye maua huku mtoto wake halali kwa njaa, huyo tungemwonya tena leo. Lakini watoto wa jirani yetu walikuwa wakila. Harriet alipima mwenyewe shida yake, na mumewe karibu naye. Jirani yetu alipimiwa na sisi.

Tena liko jambo lituumizalo zaidi. Katika mtaa ule ule wanaume huketi kwenye bao tangu Jumamosi mchana hata usiku, wala hakuna mjumbe atumwaye kwao. Na kule Oyster Bay, mtu tajiri akichora picha kwa kujifurahisha, watu husema ana kipawa. Mjane wa Temeke akifanya hivyo, husemwa kwamba anapoteza wakati. Yaani tumekubali bila kunena kwamba saa ya mapumziko ni mali ya mwenye fedha, na kwamba maskini sharti atoe hesabu ya kila dakika, hata zile alizoziokota chini ya meza kama vile vipande vyake.

Tulikwenda kwake kumwambia kwamba tulikosa. Alitupa chai, wala hakusema neno juu ya jambo hilo. Kapu lilikuwa bado darini. Binti yake mdogo alikuwa ameketi mlangoni na vipande vitatu vya kanga, akijaribu kuviunga. Mama alimtazama kidogo, akachukua sindano, akamwonyesha jinsi ya kuficha fundo upande wa ndani, kisha akamrudishia.